Gari lililotibiwa joto, likaugua moshi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mtwara

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu hapa Mtwara mjini. Nimeondoa jina la mwenye gari, namba za gari, gereji zilizohusika na kampuni iliyotaka kipimo. Ninakiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa vijana, na kwa wenye magari ambao kila wakifeli kipimo cha moshi huambiwa wanunue masega mapya, yaani kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi.

Usuli

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya lita 1.5. Ni ya petroli, ya nozeli zinazopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta, si ya kabureta. Ililetwa kutoka Japani ikiwa imeshatumika, na ilipotufikia ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 240,000. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu, nasi sote pale gereji tulimwita Mwalimu.

Alitaka kulikodisha kwa kampuni inayohudumia miradi ya gesi. Kabla ya kusaini, kampuni hukagua breki, taa, matairi na mikanda, kisha huingiza bomba la mashine kwenye ekzosi na kupima moshi. Kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.5. Ikipigwa resi ya mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, isizidi 0.3, haidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, zisizidi sehemu 200 kwa milioni, na lamda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Kwa kaboni monoksaidi na lamda, hiyo ni mipaka ileile ya Ulaya kwa magari ya petroli yenye masega yaliyosajiliwa kabla ya Julai 2002, kwa hiyo gari zima la umri huu linaifikia bila shida.

La Mwalimu halikuifikia. Kwenye sailensi lilitoa kaboni monoksaidi asilimia 4.2, haidrokaboni 510, kaboni dayoksaidi 11.8, oksijeni 0.5, lamda 0.88. Kwenye resi kaboni monoksaidi ilishuka hadi 3.1 na lamda ikapanda hadi 0.92.

Karatasi hiyo ina habari nyingi kuliko neno FELI lililopigwa muhuri chini yake. Petroli kilo 1 huhitaji hewa kilo 14.7 ili iungue yote bila kubaki mafuta wala oksijeni. Lamda 1.00 ndiyo hali hiyo. Ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi hewa. Gari hili lilikuwa linapewa hewa asilimia 12 pungufu ya ilivyohitaji, na kwa kuwa oksijeni haikutosha, kaboni iliishia njiani ikiwa monoksaidi badala ya kufika dayoksaidi. Oksijeni iliyobaki, 0.5, ni ndogo, na hilo linatuambia kwamba ekzosi haivuti hewa ya nje kupitia tundu. Injini iliyochoka pistoni au yenye misi kubwa, yaani silinda inayoruka bila kuwaka, ingeonyesha sura nyingine: haidrokaboni juu sana, na oksijeni nayo juu. Kwa hiyo kabla ya kushika spana yoyote, swali lilikuwa moja tu: nani anaiambia injini imwage mafuta mengi hivi?

Kilichotokea kabla ya gari kutufikia

Gereji ya kwanza haikuuliza swali hilo. Waliangalia chini, wakakuta masega hayapo. Yalishatolewa zamani, bomba tupu likachomelewa mahali pake, jambo ambalo magari mengi ya huku limeyapata. Wakamwambia Mwalimu tatizo ndilo hilo. Akatoa shilingi 280,000 kwa masega yaliyotumika, yakachomelewa, wakabadilisha na filta ya hewa iliyokuwa imejaa vumbi la barabara za Tandahimba na unga wa njano wa salfa inayopulizwa kwenye mikorosho. Akarudi kwenye kipimo. Kaboni monoksaidi 3.9. Lamda 0.88, vilevile.

Hapo ndipo mtu mmoja alipomshauri afungiwe kirezista, kile kidude cha kubadilisha ukinzani wa umeme, kwenye waya wa sensa ya joto, ili kompyuta ya injini idanganyike ipunguze mafuta. Mwingine akamwambia apeleke gari jingine la rangi ileile lenye namba zake. Mwalimu alikataa yote mawili. Alinieleza sababu akiwa amesimama kivulini mwa mwembe wa gereji: wajukuu zake wawili hupanda kiti cha nyuma kwenda shule, na mkubwa amekuwa akilalamika kichwa kila wakifika. Alikuwa anaendesha vioo wazi akidhani ni joto la gari.

Sikulichukulia jambo hilo kwa wepesi, na sitaki msomaji alichukulie hivyo. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mpira wa buti ya gari lile ulikuwa umelika upande mmoja, na gari likitembea, hewa ya nyuma yake hurudi ndani kupitia upenyo wa namna hiyo. Siwezi kuthibitisha kwamba kichwa cha mtoto kilitokana na moshi. Lakini mpira wa buti ulibadilishwa siku ileile, kabla ya kingine chochote.

Uchunguzi wetu, hatua kwa hatua

Nilianza na maswali. Mafuta yanakwendaje? Mwalimu alikuwa na daftari, kama mwalimu yeyote: zamani lita 1 ilimpeleka kilomita 12 hadi 13, sasa haifiki 8. Ilianza lini? Akapekua kurasa. Kama miaka miwili iliyopita, baada ya safari ya Masasi ambayo gari lilichemsha njiani na kuokolewa na fundi mmoja. Tangu siku hiyo halijachemsha tena.

Nikiri hapa kwamba sentensi hiyo ya mwisho niliisikia lakini sikuishika. Ilikuwa ndiyo jibu, nami nikapita nikaenda kwenye mafuta. Siku nzima ya kwanza niliitumia kupima presha ya pampu, nikihofia kidhibiti cha presha kimekufa. Presha ilikuwa sawa, kama kilo 2.9 kwa sentimita ya mraba mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, na iliposhikiliwa injini ikiwa imezimwa haikushuka haraka. Nozeli hazikuvuja. Mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye sensa ya presha ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye silinda, nao ulikuwa mzima. Huo ni wa kuangaliwa daima kwenye injini hii, maana ukipasuka kompyuta hudhani injini imebeba mzigo mkubwa na kuongeza mafuta.

Plagi zote 4 zilikuwa nyeusi, kavu, zenye masizi kama ya chungu. Zote 4 kwa kiwango kimoja. Ingekuwa moja, ningetafuta nozeli moja au waya mmoja. Zikiwa zote, anayekosea ni yule anayeamuru silinda zote kwa pamoja, yaani kompyuta, na kompyuta huamuru kwa kufuata inachoambiwa na sensa. Oili nayo ilikuwa imepanda juu ya alama ya kijiti na kunuka petroli.

Siku ya pili tulisoma kompyuta. Kwenye magari haya huhitaji mashine ya bei kubwa: unaunganisha kwa waya mfupi vituo vya TE1 na E1 kwenye kiboksi kilicho chini ya boneti, unafungua swichi bila kuwasha, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Taa haikuwaka kabisa. Tulipofungua dashibodi tukakuta balbu haipo. Hatujui nani aliitoa. Tulipoweka balbu, ikakonyeza mara 2, ikapumzika, ikakonyeza 1. Kodi 21: ishara ya sensa ya oksijeni.

Kijana wangu alitaka kwenda dukani papo hapo. Nikamzuia. Kodi inasema ishara ina kasoro, haisemi sensa ndiyo mkosaji, na injini iliyojaa masizi inaweza kuifunika hata sensa isiyo na kasoro. Nikataka kwanza nijue injini ina joto gani.

Tuliendesha hadi Mikindani na kurudi, kilomita ishirini na ushee, jua la saa saba mchana. Tulipofika nikapima kwa kipimajoto kwenye shingo ya injini pale mpira wa juu wa rejeta unapoingilia. Nyuzi 58. Feni ilikuwa inazunguka. Nikarudia mara ya pili kwa kipimajoto kingine, maana sikuamini. Nyuzi 58.

Themostati, yaani kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwenye injini hii huanza kufunguka nyuzi 82. Feni haipaswi kuanza kabla ya maji kufika karibu na 93. Tulifungua nyumba ya themostati: ndani hamna kitu. Tukafuata waya wa feni: swichi ya joto imechomolewa plagi yake, na kwa jinsi Toyota hii ilivyofungwa wayaringi, swichi ikichomolewa feni huzunguka muda wote. Fundi wa Masasi alikuwa ameliponya gari kuchemsha kwa kulinyima joto.

Kikabaki kitu kimoja cha kuthibitisha. Je, sensa ya joto inaiambia kompyuta ukweli? Nilipima ukinzani wake maji yakiwa nyuzi 58: kama omu 600. Sensa ya aina hii husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80, kwa hiyo 600 ndiyo jibu sahihi. Sensa haikudanganya. Kompyuta nayo haikukosea. Iliambiwa injini ni ya baridi, ikafanya kazi yake, ikaongeza mafuta kama inavyofanya asubuhi gari likiwashwa. Tofauti ni kwamba kwa gari hili asubuhi ilidumu miaka miwili.

Uamuzi uliofanywa, na sababu zake

Kurudisha themostati ni kazi ya dakika arobaini. Lakini fundi wa Masasi hakuitoa kwa kupenda, gari lilikuwa linachemsha kweli. Tukiirudisha bila kujua kwa nini, tungemrudishia Mwalimu ugonjwa wa kwanza, na safari hii ungekula gasketi ya silinda hedi.

Tukapima rejeta. Mfuniko wake ulitakiwa kushika presha ya kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, ukaachia kabla ya 0.4. Mfuniko mzima huyafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118, na huu ulikuwa umeishiwa nguvu. Rejeta yenyewe theluthi ya chini ilikuwa baridi kwa mkono huku juu pakiunguza: imeziba. Kwa miaka mingi ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, na maji yetu mengi ya pwani yana chumvi na chokaa. Kutu na magamba vilishajenga ukuta ndani ya mirija.

Nikampa Mwalimu orodha kwa mpangilio wa lazima: rejeta iliyotumika lakini nzima, mfuniko mpya, themostati mpya ya nyuzi 82, kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya kisima, swichi ya feni irudi mahali pake. Halafu plagi, oili na filta yake. Oili niliisisitiza kwa sababu petroli iliyochanganyika nayo hupanda kama mvuke na kuvutwa tena na injini kupitia mpira wa kupumulia, ikaharibu kipimo hata baada ya ugonjwa kupona. Sensa ya oksijeni niliiweka mwisho, kwa sharti: tuipime kwanza injini ikiwa ya moto.

Kuhusu kirezista, nilimweleza kwa nini alifanya vema kukikataa. Kingeiambia kompyuta kuwa injini ni ya moto wakati ni ya baridi. Karatasi ya kipimo ingependeza kidogo, na gari lingekuwa zito kuondoka, lingekohoa, na silinda zingeendelea kulika kwa ubaridi uleule. Tena kingemwachia fundi atakayefuata fumbo baya kuliko hili.

Matokeo

Baada ya rejeta, themostati na feni, injini ilikaa kati ya nyuzi 84 na 92, hata kwenye foleni ya lango la soko. Tukapima moshi. Kaboni monoksaidi ilishuka kutoka 3.9 hadi 1.9. Nusu ya ugonjwa iliondoka kwa themostati. Lamda ikawa 0.94, bado chini.

Sasa ndipo sensa ya oksijeni ilipopata haki ya kuhukumiwa. Sensa nzima hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 mara kadhaa ndani ya sekunde kumi. Hii ilikwama kwenye 0.15. Volti ya chini humaanisha mafuta ni machache, wakati mashine ya moshi mbele yetu ilisema mafuta yamezidi na oksijeni ndani ya ekzosi ni 0.4 tu. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa muongo, na oksijeni ndogo ilituonyesha kwamba si mashine. Kompyuta ilikuwa inasikiliza kilio cha njaa cha sensa iliyokufa na kuzidi kumwaga. Tukaweka mpya, shilingi 150,000. Hiyo sikutaka iwe ya kutumika, kwa sababu sensa ya kutumika ni kununua umri wa mtu mwingine.

Tulitaka kujua injini yenyewe inatoa nini, kwa hiyo tulipima kwenye tundu la kabla ya masega: kaboni monoksaidi 0.6, haidrokaboni 150, lamda 1.00. Injini ilikuwa imepona. Na tazama: kwa mpaka wa 0.5 bado ingefeli, kwa sababu hakuna injini ya petroli ya aina hii iliyoundwa kufikia kiwango hicho bila masega. Masega yalihitajika kweli. Yalinunuliwa tu kabla ya zamu yake.

Siku ya kipimo tulifeli tena. Kosa lilikuwa langu. Nilimpeleka Mwalimu kilomita 3 tu kutoka gereji, tukakaa kwenye foleni dakika 40 injini imezimwa. Masega yalipoa, na masega ya baridi hayafanyi kazi mpaka yafike kama nyuzi 300. Mashine ikasoma 0.6, kama vile hayapo. Nikamwomba mpimaji nafasi ya mwisho kwenye foleni, nikashikilia resi ya 2,500 kwa dakika 5 nje, upepo ukipita. Kipimo cha pili: sailensi kaboni monoksaidi 0.12, haidrokaboni 60. Kwenye resi 0.08 na 30. Lamda 1.00.

Miezi mitatu baadaye daftari la Mwalimu lilisoma kilomita 12.4 kwa lita. Mjukuu halalamiki kichwa.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichotuokoa ni kusoma gesi zote 4 pamoja na lamda. Gereji ya kwanza ilikuwa na karatasi ileile, ikatazama mstari mmoja ulioandikwa kaboni monoksaidi. Masega hugeuza monoksaidi kuwa dayoksaidi kwa kutumia oksijeni. Kwa lamda 0.88, oksijeni hiyo haitoshi, kwa hiyo masega mapya kabisa yangeishia pale pale kwenye 3 na kitu. Lamda inayokokotolewa kutokana na gesi haibadilishwi na masega hata kidogo, na ndiyo maana ilibaki 0.88 kabla na baada. Mwenye kuielewa namba hiyo moja asingemtoa Mwalimu 280,000 siku ile. Bahati ni kwamba masega yale hayakufa: yalikaa wiki tatu tu kwenye masizi na yakajisafisha yalipopata joto. Yangekaa mwaka, sina hakika.

Filta ya hewa haikuwa kosa kubwa, ilikuwa chafu na ilistahili kutupwa. Lakini kuitegemea ipunguze moshi kwenye injini hii si sahihi. Kompyuta yake hukadiria hewa kutokana na presha iliyo ndani ya manifoldi, hivyo filta ikiziba presha hushuka na mafuta hupungua pamoja nayo. Imani hiyo ya filta ni jambo la enzi ya kabureta ambalo tumelibeba mpaka kwenye nozeli.

Kosa langu kubwa ni kutoshika maneno ya Mwalimu siku ya kwanza. Gari la Mtwara ambalo halijachemsha kwa miaka miwili, lenye rejeta ya maji ya kisima, lilipaswa kunishtua. Joto la injini lingepimwa kabla ya presha ya mafuta, tungeokoa siku nzima, maana kipimajoto kinatumia dakika moja na geji ya presha inahitaji kufungua bomba la petroli.

Geji ya dashibodi haikutusaidia. Ilisimama juu kidogo ya alama ya baridi na Mwalimu alikuwa ameizoea hivyo, akaiona ni dalili njema.

Baadaye nilipita kwa fundi mmoja wa mjini ambaye naye hutoa themostati, nikamweleza kisa hiki. Hakubisha. Aliniambia mteja humfikia gari likitoa mvuke, mfukoni ana elfu kumi na tano, na rejeta ni laki na zaidi. Kisha akanitolea kopo la rangi lililojaa themostati alizowahi kuzing'oa. Tukaweka sufuria jikoni, maji, kipimajoto, tukazitumbukiza 11 tukizitazama mpaka maji yakafika nyuzi 90. Nane zilifunguka palepale zilipotakiwa.